Mnaomwaga kitabu kwenye nyuzi za House of the Dragon msimu wa tatu, inatosha sasa!

Wakuu, habari za humu.

Nimevumilia tangu Agosti 2024 na leo naongea. Mtu akifungua uzi wa kubashiri msimu wa tatu wa House of the Dragon, ile tamthilia ya HBO ya ukoo wa wapanda majoka ambamo Rhaenyra na ndugu yake Aegon wanagombea kiti cha enzi, iliyotolewa kwenye kitabu Fire & Blood cha George R.R. Martin, komenti tano haziishi kabla hajaingia jamaa aliyesoma kitabu. Anaanza na "mimi nahisi tu", halafu anashusha kila kitu: nani anakufa, nani anamuua, joka lipi linabaki, nani anakalia kiti mwishoni. Wewe huhisi chochote. Umesoma, unajua, na unatutapikia humu tulichokuwa tunakisubiri.

Juzi niliuliza swali moja tu. Mwisho wa msimu wa pili Aemond, mdogo wake Aegon, anamlazimisha dada yao Helaena, yule anayeona yajayo, apande joka lake Dreamfyre waende vitani, Helaena anagoma, kisha anamwambia usoni kwamba Aegon atarudi kuwa mfalme na yeye Aemond atamezwa na ziwa la God's Eye asionekane tena. Nikauliza: binti anayeyaona haya yote, ataweza kuendelea kukaa pale nyumbani na kaka yake anayejua kuwa anajua? Jibu la kwanza kabisa lilikuwa mstari mmoja unaoeleza Helaena anaishia vipi kitabuni. Mstari mmoja! Watu walikuwa wanakuja na hoja, uzi ukafa palepale. Aliyeandika akarudi kucheka eti "si uliuliza?"

Sikuuliza hivyo. Hii ni sawa na kumtajia mtu matokeo ya mechi ya Simba na Yanga wakati anakimbilia nyumbani kuangalia marudio.

Naomba muelewe kwa nini inauma. Msimu wa kwanza ulianza Agosti 21, 2022, episodi 10. Wa pili ukaja Juni 16, 2024, na wakatupunguzia hadi episodi 8. Wa tatu HBO wakauweka kiangazi cha 2026, na wa nne, ambao ndio wa mwisho, 2028. Kwa hiyo shabiki anaangalia kwa wiki nane halafu anakaa karibu miaka miwili mikono mitupu. Katika kipindi hicho chote tulichonacho ni kubashiri. Hakuna kingine. Anayeharibu kubashiri ametunyang'anya tamthilia yenyewe.

Na msimu wa pili wenyewe ulitukatia utamu. Ile episodi ya nne, vita ya Rook's Rest, Rhaenys wa upande wa Rhaenyra anageuza joka lake Meleys na kurudi vitani wakati angeweza kuondoka, mimi sijaona kitu kikali kama kile kwenye televisheni. Baada ya pale tukasubiri. Tukaona joka Vermithor anapata mpandaji, Silverwing anapata mpandaji, majeshi yanatembea, meli zinang'oa nanga, joka la buluu linapita juu ya jeshi la Hightower, ukoo wa Alicent mama yake Aegon... basi, imeisha, nendeni mkalale! Ryan Condal, mtayarishaji mkuu, akaja kueleza kwamba vita kubwa ya baharini inahitaji muda na fedha nyingi, hivyo imesogezwa msimu wa tatu. Mimi maelezo yale sikuyakubali na siyakubali hadi leo. Huwezi kuandaa vita kwa msimu mzima halafu ukafunga mlango siku ya vita. Lakini angalau walituachia maswali mazuri, na ndiyo hayo mnayoyaua.

Sasa ninyi wa kitabu, sikilizeni. Hata hicho mnachokitaja kwa uhakika hamna uhakika nacho. Kitabuni Laenor Velaryon, mume wa kwanza wa Rhaenyra, aliuawa. Kwenye tamthilia tulimwona kwa macho yetu amenyoa kichwa, yuko kwenye boti anaondoka. Kitabuni Helaena ana watoto watatu, kwenye televisheni ni wawili, na usiku ule wauaji walipoingia ikulu kumuua mwanawe ukabadilika wote kwa sababu ya mtoto huyo mmoja aliyeondolewa. Alicent kumfuata Rhaenyra kwenye ngome yake ya Dragonstone kwa siri na kumpa mji mkuu, hiyo haimo kitabuni. Rhaena, binti wa Daemon, kulifuata joka la porini kule Vale, kitabuni habari ya joka lile ni ya msichana mwingine kabisa. George R.R. Martin mwenyewe, mwenye kitabu, aliandika kwenye blogu yake Septemba 2024 akilalamikia mabadiliko haya, kisha andiko likaondolewa. Ikiwa mwandishi analalamika kwamba hadithi imegeuzwa, wewe unatoa wapi ujasiri wa kuja kutuambia "subirini, itakuwa hivi"?

Halafu kitabu chenyewe hakijaandikwa kama riwaya. Kimeandikwa kama historia: mtaalamu anakusanya habari za watu watatu, mchekeshaji wa ikulu, kasisi na msomi, na watu hao wanapingana. Mmoja anasema hivi, mwingine anakana, wa tatu hakuwepo. Sasa hapo ndipo msomaji angekuwa na mjadala mtamu kuliko sisi wote! Mngefungua uzi wenu mkajadili Condal atafuata simulizi ya nani kati ya hao watatu, na kwa nini. Mimi nisingeingia, lakini ningewaheshimu. Mmepewa kitu kizuri namna hiyo, mnakitumia kuwakomoa wenzenu.

Kuna wanaojibu "kitabu kipo tangu 2018, kasome". Ni kurasa zaidi ya 700, na sitaki kukisoma kabla tamthilia haijaisha. Ni uamuzi wangu na ni haki yangu. Nikimaliza nitakisoma.

Na wanaoleta trela za kutengenezwa na akili mnemba, mkiambiwa mnasema "tumeona tu YouTube": acheni pia. Sura ya Daemon, mume wa Rhaenyra, inayeyuka, mnatuletea kama ushahidi.

Maswali yanayostahili yapo. Addam amepandaje Seasmoke, joka la Laenor, ikiwa Laenor yuko hai? Joka halimkubali mpandaji mpya wakati wa kwanza anaishi, hivyo tumeambiwa siku zote. Mimi nasema Laenor amefia huko alikokwenda na joka limelijua kabla ya binadamu yeyote, hata Corlys baba yake hajui. Nani anabisha? Otto Hightower, baba yake Alicent, tulionyeshwa ndani ya kizimba kwa sekunde chache tu: yuko mikononi mwa nani? Na kubwa kuliko yote, Alicent ameahidi kumtoa mwanawe Aegon ili Rhaenyra afunguliwe milango ya mji mkuu, King's Landing, lakini Aegon ameshafichwa kwenye mkokoteni na mshauri wake Larys na wanaondoka zao. Rhaenyra akifika akikuta mfalme hayupo, atamwamini vipi tena Alicent? Ataona amedanganywa. Mimi namhofia Rhaenyra huyo kuliko ninavyohofia majoka, na hilo ndilo ninalotaka kulijadili na nyinyi mpaka asubuhi.

Mods, ombi langu ni hili. Tupeni nyuzi mbili, moja ya waliosoma na moja ya wanaoangalia tu, na majina yaandikwe wazi. Msimu ukianza, kumbukeni kule Marekani ni Jumapili usiku, huku kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri. Wengi tunaangalia jioni tukitoka kazini. Kabla ya Jumanne asubuhi mtu asiweke jina la aliyekufa kwenye kichwa cha uzi, wala picha yake. Atakayeweka afungiwe msimu mzima, hata akiwa mkongwe wa jukwaa.

Uzi huu ni wa wanaoangalia tu. Naanza na Seasmoke hapo juu, leteni hoja. Komenti ya kwanza kutoka kitabuni naireport bila kuijibu.