Mrejesho: Glock 19 au ile ndogo?

Wadau, niliuliza kijana anayeanza kutumia bastola achukue Glock 19 au Glock 43, ile nyembamba inayofichika kirahisi. Asanteni sana. Uamuzi ni 19.

Zote hutumia risasi za milimita 9, ila 43 ni nyepesi na mpini wake mfupi, hivyo hugonga mkono vikali na anayeanza huzoea kufumba macho kabla ya kufyatua. Pia hubeba risasi 6. 19 hubeba 15. Bastola nyingine, CZ 75, ambayo wengi hapa Nairobi huiita Ceska, ni ya chuma na hutulia vizuri mkononi, lakini nyundo (kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke) ikiwa imelala mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mgumu, unaofuata mwepesi mno. Mwanagenzi huyumba hapo.

Ganda la risasi likikwama kwenye tundu la kutokea, kaza kifundo cha mkono kabla hujalaumu bastola: mkono mlegevu huinyima slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nguvu ya kurudi nyuma kikamilifu.

Na hili tafadhali msilipuuze. Ili kuifungua Glock uisafishe, lazima uvute kifyatulio, kwa hiyo hakikisha kwanza haina risasi. Toa magazini (kibebea risasi) kwanza, ndipo uvute slaidi, utazame chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na kuipapasa kwa kidole kidogo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja itaruka nje na nyingine itaingia palepale.

Karatasi: Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu kununua bastola wala risasi bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Sefu ya kuhifadhia bastola nayo ifungwe kwa bolti ukutani mapema.