Bodi ya aluminiamu inaliwa na chumvi: gari la wagonjwa la kijeshi, Tanga

Mwana wa Mkongeni
Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada wa wenye uzoefu na bati za aluminiamu.

Nina Land Rover Series IIA ya 109 (inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), gari la wagonjwa la kijeshi. Kibati cha waliojenga bodi bado kipo: Marshall, Cambridge. Ni katika yale yaliyotengenezwa kwa jeshi la Uingereza, ya machela 2, au 4 ukizipanga juu na chini. Hili langu lilimalizia kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, likiwapeleka manamba na familia zao hospitali ya Bombo. Mwaka 1978, wakati wa masika, mama yangu alilazwa kwenye machela ya chini kushoto, uchungu umemkaza. Nilizaliwa humo humo, kabla hawajafika Pongwe. Nilipolipata miaka 4 iliyopita lilikuwa chini ya mwembe na kuku walikuwa wanatagia ndani. Sikuweza kuliacha pale.

Injini haina neno. Ile ya petroli ya cc 2,286 tumeifungua, tumebadilisha ringi na vali, na asubuhi inawaka mara moja. Tabu ni bodi. Kila mahali aluminiamu ilipokalia fremu ya chuma, hasa chini ya milango ya nyuma, imeota unga mweupe kama wa muhogo. Ukibonyeza kwa kidole gumba, bati linazama. Gereji moja ya hapa mjini walinikatia sehemu hiyo, wakabandika bati la chuma kwa skrubu, wakajaza puti na kupiga rangi. Miezi 3 tu rangi ikafura, na ile aluminiamu nzima ya pembeni nayo ikaanza kuoza. Pesa yangu imekwenda na kidonda kimekuwa kikubwa zaidi.

Kila ninayemuuliza ananiambia nivunje bodi yote nijenge ya chuma. Nataka kuiokoa hii hii. Inawezekana? Na swali dogo: nikimaliza nataka kurudisha msalaba mwekundu ubavuni, kama mama anavyoukumbuka. Kuna ubaya?

Fundi Bati Ngamiani
Waalaykum salaam, mwanangu. Usivunje. Bodi hiyo ni aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu. Land Rover walianza nayo mwaka 1948 kwa sababu Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Yenyewe peke yake haiogopi bahari. Kinachoiua ni kugusana na chuma huku kuna maji ya chumvi: vyuma viwili vya aina tofauti na chumvi katikati, hiyo tayari ni betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Wale waliokubandikia bati la chuma bila kizuizi wamekuongezea betri nyingine.

Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Usiguse kwa brashi ya waya wala jiwe la grainda lililokwisha kutumika kwenye chuma, chembe zitabaki ndani na kuanza upya. Kiraka kiwe cha aluminiamu. Fremu ya chuma isugue, ipige praima na rangi, iache ikauke kabisa, kisha weka utepe wa plastiki katikati ndipo ufunge. Tumia riveti za aluminiamu za kugonga. Zile za kuvuta mara nyingi zina msumari wa chuma unaobaki ndani. Penye boliti weka washa za nailoni.

Kuchomelea kwa vijiti vya kawaida sahau. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ukizubaa una tundu. Inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea.

Jambo la mwisho. Bati la zamani limekakamaa, ukilikunja linapasuka. Lipake sabuni ya mche, ile kavu, kisha pitisha moto polepole kwa mbali. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto hapo hapo. Likipoa litakunjika.

Binti Raskazone
Kuhusu msalaba, kaka, nakuomba usiuchore. Nimejitolea miaka mingi kwenye huduma ya kwanza na hili linanikera kila nikiliona kwenye maduka ya dawa. Ile alama inalindwa na Mkataba wa Geneva wa 1949, na mtu binafsi haruhusiwi kuitumia, iwe vita au amani. Ni alama inayomwambia mwenye bunduki "usipige hapa", na ikizagaa kila mahali haitamzuia mtu. Ukitaka kwa maonyesho, waulize kwanza Chama cha Msalaba Mwekundu. Ule mraba mweupe wenyewe unaweza kuubakiza. Mama ataujua.

Chumbageni Juu
Usisahau chesisi! Ni boksi la chuma, linaoza kutoka ndani huku nje unaona zima. Zibua matundu ya kutolea maji, acha ndani pakauke, kisha mwagia oili chafu kabla ya masika. Mimi langu lilikatika karibu na springi za nyuma nikitoka Pangani, nimebeba abiria. Mungu alisaidia.

Mwana wa Mkongeni
Shikamoo mzee wa Ngamiani, na ahsanteni wote. Chesisi nimeigonga kwa nyundo jioni hii, upande wa kulia mlio umebadilika karibu na springi. Nitaifungua kabla sijagusa kitu kingine.

Dada yangu, nimekuelewa. Nimemweleza mama, akanyamaza kidogo, halafu akasema yeye msalaba aliuona siku ile alipopandishwa tu, safari nzima alikuwa anatazama dari. Basi mraba utabaki mweupe, na dari sitaigusa.

Mzee, sabuni nimeijaribu kwenye kipande nilichokata. Ilipita rangi ya chai, ikawa nyeusi ghafla, nikatoa moto. Kimekunjika kama ngozi! Jumamosi naweza kukuletea mlango?

Fundi Bati Ngamiani
Marahaba. Njoo baada ya swala ya alasiri. Na kile kipande kilicholiwa usikitupe, njoo nacho, ndicho tutakachokatia kipimo.