Farasi mwenye uso wa mtu kwenye katuni ya 1867: anachekwa nani?

MamaShela: Assalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, na ukumbini kuna picha aliyoiacha mgeni. Mwanamke amepanda farasi mwenye uso wa mwanamume, amejifunika macho, na farasi anaruka kuingia kwenye ua wa miti ulioandikwa "Reform", yaani mageuzi. Nyuma wapanda farasi wengine wanatazama tu. Kijana wangu wa mapokezi huwaambia wageni ni mashindano ya farasi. Anachekwa nani hasa?

Maalim wa Malindi: Wa aleikum salaam dada. Hiyo ni ya mchoraji John Tenniel, gazeti la vichekesho la Uingereza liitwalo Punch, Agosti 1867. Mwanamke ni Britannia, yaani Uingereza yenyewe. Farasi ni Disraeli, kiongozi wa wahafidhina bungeni. Mwaka 1866 mswada wa Gladstone, mpinzani wake wa chama cha Liberal, wa kuongeza wapiga kura ulianguka, na wahafidhina ni miongoni mwa walioupinga. Wakaingia serikalini, naye Disraeli akapitisha bungeni mswada mpana kuliko ule! Wanaume wengi wenye kaya mijini, wafanyakazi wakiwemo, wakapata haki ya kupiga kura. Idadi ya wapiga kura ikaruka kutoka kama milioni 1 hadi karibu milioni 2. Anachekwa Disraeli, ila ukinibana nitasema kinachoogopwa ni hao wapiga kura wapya.

MamaShela: Kumbe waliokataa ndio waliopitisha? Hayo sisi tushayazoea, maalim.

Fundi Langoni: Nyinyi mwazungumza siasa, mimi nimeganda kwenye mti. Picha zile zilichongwa, jamani. Tenniel alichora kwa penseli juu ya kipande cha mti mgumu, tena kinyume, kisha karakana ya Joseph Swain ikachonga. Hawakuchonga ubavuni mwa ubao kama sisi na milango yetu. Walichonga pale gogo lilipokatwa, ndipo mstari mwembamba haupasuki. Vipande vidogo viliunganishwa kwa skrubu, mafundi kadhaa wafanye kazi usiku mmoja. Mama, sogea ubavuni mwa farasi utazame vivuli: mistari imepishana, na kila kijimraba cheupe katikati kimetolewa kwa ncha ya chuma. Cheusi ni kilichoachwa. Mimi nakshi ya kizingiti kimoja yanitoa jasho, na wale gazeti lilitoka kila wiki! Tazama na pembe za chini, huenda ukaona jina la Swain. Mchoraji amesifiwa, fundi hatajwi.

UmmuSalma: Na sisi wanawake? Mwaka huohuo John Stuart Mill, mwanafalsafa na mbunge, alitaka mswada huo useme "mtu" badala ya "mwanamume". Punch ikamchora Machi akiwaomba watu wapishe njia wanawake waliokuja nyuma yake. Mei bunge likapiga kura: 73 wakakubali, 196 wakakataa. Hapa Kenya katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, na bunge letu limeshindwa kupitisha sheria yake mara kadhaa. Gado, mchora katuni wetu, ana wino wa kutosha.

MamaShela: Nimetazama. SWAIN lipo, dogo kama chungu, kulia. Kijana nimeshamfunza. Fundi, upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ukumbini na fremu imeanza kuachana pembeni; waweza kuja Jumamosi? Chai na mahamri juu yangu.

Fundi Langoni: Nitakuja na boti ya asubuhi. Usiigusie gundi ya dukani.