Tupeane uzoefu: hina, mafuta na viatu, mwili wako ulikubali nini?

Mwanamkomani
Assalaam alaykum wapendwa. Binamu yangu anaolewa mwezi ujao hapa Lamu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mambo ya bibi arusi. Kabla sijatoa hata shilingi nataka visa vya kweli: ulipaka nini, ulivaa nini, mwili ukasemaje.

Naanza mimi. Kwenye arusi ya dadangu nilipakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, mikono yote miwili hadi viwikoni. Bibi yangu alipokinusa kile kibakuli alisema, "Mwanangu, hini si hina." Sikumsikiliza. Nilitaka weusi ule unaong'aa, na hina ya majani ingeniweka kitako usiku kucha. Piko ilikolea hata saa mbili hazijatimia. Siku ya tatu mkono ukaanza kuwasha, na kufikia usiku malengelenge yalikuwa yamefuata mchoro ua kwa ua, jani kwa jani. Ungeweza kulipapasa lile ua gizani na kulijua. Alama zilikaa miezi minane. Daktari akanieleza kwamba ile ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha. Ndiyo maana leo hata mvi nikizipata nitaziacha zilivyo.

Haya, wengine.

Mchora Hina, Langoni
Pole sana dadangu. Kisa chako kimenigusa kwa sababu mimi pia niliwahi kupaka watu piko. Wateja waliidai, nami nikaona ni riziki. Niliacha siku mama mmoja aliponirudia na mwanawe wa miaka sita, kiganja kimevimba hawezi kukikunja. Sijamsahau yule mtoto.

Hina haina weusi tititi. Majani yakisagwa vizuri, ukakandia ndimu na sukari kidogo ishike, ukaiacha mkononi saa sita au zaidi, ikitoka utaona rangi ya chungwa na utadhani imeharibika. Subiri. Siku ya pili ndipo inapoiva ikawa nyekundu ya kahawia. Kwa hiyo bibi arusi apakwe siku mbili kabla, si jioni ya kuamkia shughuli. Mtu akikwambia yake inakolea nyeusi kwa saa moja, muulize ametia nini. Na hata hina yangu, mimi huweka tone moja nyuma ya sikio la mteja mpya, tukangoja siku mbili.

Binti wa Malindi
Langu ni fupi. Nilinunua krimu ya kung'arisha uso sokoni, kopo halina orodha ya vilivyomo, muuzaji akaniapia ni mitishamba. Wiki tatu nilipendeza kila aliyeniona akasema. Wiki ya tano mashavu yakawa mekundu, jua la saa nne tu linachoma kama pasi. Nilipoiacha, uso ukarudi na mabaka meusi kuliko mwanzo. Krimu nyingi za aina hii hutiwa zebaki, na zebaki huharibu figo, na humdhuru hata mtoto tumboni. Kopo lisilosema lina nini, dada zangu, liacheni pale pale rafuni.

Msafiri wa Manda
Mie naongeza ndimu. Nilikuwa najipaka kwapani na shingoni kukata harufu ya jasho. Siku hiyo tukapanda mashua kwenda Manda, mchana kutwa juani. Kesho yake shingo imeungua michirizi, pale hasa maji ya ndimu yalipotiririka. Ndimu na jua havikai pamoja kwenye ngozi. Siku hizi natumia shabu: nalilowesha lile jiwe, napitisha kwapani mara mbili tatu baada ya kuoga, basi. Halina harufu, halichafui nguo, na kipande kimoja kinanikalia mwaka.

Mwalimu wa Shela
Mmesahau miguu! Mimi hutembea kutoka Shela hadi mjini karibu kila siku, kama kilomita tatu, maji yakitoka napita ufuoni. Mwaka jana nilinunua viatu vya kufunika asubuhi na mapema, vikanikaa sawasawa. Alasiri vilikuwa vinanibana kama koleo, na kucha ya kidole gumba ikafa. Nilijifunza kwa maumivu: mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa joto letu, kwa hiyo viatu hununuliwa alasiri. Simama navyo, usikae. Kidole kirefu kibakishe nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na pima miguu yote miwili. Wangu wa kulia ni mkubwa, nami huchagua kwa huo.

Ndara nyepesi sizivai tena kwa mwendo mrefu. Hazishiki kisigino, vidole vinafanya kazi ya kuzing'ang'ania, jioni nyayo zinawaka. Zikikatika huishia baharini. Maelfu yake yaliokotwa fuoni yakavikwa lile dau la Flipflopi lililoshushwa majini hapa kwetu mwaka 2018. Nimerudi kwenye makubadhi. Fundi aliuchora mguu wangu kwenye karatasi, akaniongezea mkanda wa nyuma. Wiki ya kwanza ngozi ilinichuna kidogo, nikailainisha kwa mafuta ya nazi, sasa naisahau kabisa.

Bibi arusi asivae visigino virefu kwenye vichochoro vya Mkomani. Mawe yale hayako sawa, na punda akija lazima ujibanze ukutani upesi.

Mwanamkomani
Nimerudi baada ya siku tano, na Mungu awalipe kheri. Krimu aliyokuwa ameagiza bibi arusi tumeirudisha. Badala yake bibi yangu anamsagia liwa, ule msandali wa kupaka, kwenye jiwe lake la zamani. Kesho baada ya alasiri nampeleka kwa fundi wa makubadhi achorwe miguu yote miwili. Tone la hina liko nyuma ya sikio lake tangu juzi. Leo asubuhi nimemvuta dirishani nikaliangalia: wekundu wa hina tu, ngozi imetulia.