Re: Mtoto aliyeumia ubongo kwa manjano: tuanzie wapi kisheria hapa Nairobi?

Kutoka: Mama mwanachama, South B

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wanachama wote.

Naomba ushauri kwa jambo ambalo mimi na mume wangu tumelibeba kimya. Mwanetu alizaliwa katika hospitali binafsi ya hapa jijini akiwa ametimiza miezi tisa, na tukaruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyofuata. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya manjano. Tulipopiga simu wodini tukaambiwa tumwanike kwenye jua la asubuhi na tuendelee kumnyonyesha. Siku ya tano aliacha kunyonya, akawa analia kwa sauti nyembamba na kuupinda mgongo kwa nyuma. Hospitali hiyo ikatuelekeza hospitali ya umma, ambako alikaa kwa saa nyingi kabla ya kuwekwa chini ya taa maalumu za kutibu manjano, na baadaye akabadilishiwa damu. Sasa ana miezi minane, shingo haijakaza, na kipimo cha masikio kimeonyesha kwamba hasikii vizuri. Daktari wa neva za watoto ameandika kernikterasi, yaani ubongo kuumizwa na manjano makali, na ametuambia waziwazi kwamba madhara haya yangeweza kuzuilika.

Tumesoma kurasa za mawakili wa Marekani wanaosema mzazi halipi kitu mpaka ashinde. Je, sisi Watanzania tunaoishi hapa tunaweza kudai, na tunadai wapi?

Kutoka: Mwanachama wakili, Upper Hill

Marahaba, dada, na poleni sana wewe na shemeji. Nitangulize kusema kwamba mimi ni wakili wa Tanzania, si wa Kenya. Hapa ninafanya kazi za mikataba. Haya ni maelezo ya jumla, ili mtakapoingia kwa wakili wa Kenya muwe mnajua la kuuliza.

Uraia wenu si kikwazo. Madhara yametokea Kenya, hivyo sheria ni ya Kenya na mahakama ni za Kenya, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inapotoa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, inasema kila mtu, haisemi kila raia. Kurasa za Marekani ziacheni. Huko wakili anaruhusiwa kukubaliana na mteja kwamba atalipwa sehemu ya fidia akishinda tu. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya namna hiyo, na mimi binafsi ningemwogopa wakili wa Nairobi anayefungua mazungumzo kwa ahadi hiyo. Kama uwezo wenu ni mdogo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mtoto miongoni mwa wanaostahili msaada, mradi awe mkazi wa Kenya na asiwe na uwezo wa kujilipia. Lipo pia shirika la Kituo cha Sheria, ambalo limekuwa likiwasaidia watu wa kipato cha chini hapa jijini tangu miaka ya 1970.

Kilichonikosesha utulivu katika barua yako ni umri wa mtoto. Madai ya uzembe wa kitabibu dhidi ya hospitali binafsi yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sura ya 22 ya sheria za Kenya, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi. Dhidi ya Serikali, Sura ya 39, inayoweka ukomo wa kesi dhidi ya mamlaka za umma, inatoa miezi 12 tu. Nawe umetaja hospitali mbili, na ya pili ni ya umma. Hesabuni kwamba mmebakiwa na muda usiofika miezi minne kuhusu hospitali hiyo, hata kama inaendeshwa na kaunti, na msifarijike na mtu anayewaambia kwamba mtoto anaweza kusubiri hadi awe mtu mzima. Vipo vifungu vinavyowahusu watoto, na kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinamruhusu mtu kuomba aongezewe muda kwa kuwa hakujua mambo ya msingi ya madai yake, lakini vyote vina masharti, na mkianza kubishania muda mtakuwa mmempa mdaiwa utetezi wa bure kabla ya mahakama kusikia lolote kuhusu mtoto. Ombi la kikatiba, yaani kudai mahakamani kwamba haki iliyomo katika Katiba imevunjwa, halibanwi na ukomo huo kwa namna ileile, ingawa majaji huuliza sababu ya kuchelewa. Nisingelifanya kuwa njia yenu ya kwanza, kwa sababu fidia ya matunzo ya maisha yote hudaiwa vizuri zaidi katika kesi ya kawaida ya uzembe, ambako madaktari hupanda kizimbani na kuhojiwa.

Kabla ya kumtafuta hata wakili, tafuteni faili. Andikeni barua mbili wiki hii, moja kwa kila hospitali, mkiomba nakala ya faili zima la mama na la mtoto: chati ya kujifungua, maelezo ya wauguzi ya kila zamu, majibu yote ya maabara, karatasi ya taa, fomu ya kubadilishiwa damu, karatasi ya ruhusa na barua ya rufaa. Pelekeni barua kwa mkono na mgongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wakenya hutegemea Ibara ya 35 ya Katiba kwa maombi kama haya, lakini ibara hiyo inamtaja raia. Sisi tuegemee Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haiulizi uraia na inamruhusu mzazi kuomba kwa niaba ya mtoto wake. Mkikataliwa, mnaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Msikubali kupewa muhtasari wa ukurasa mmoja.

Njia ya pili, inayoweza kwenda sambamba na ya mahakama, ni malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lenye ofisi Kilimani. Baraza hilo ndilo linalowapa leseni madaktari na hospitali, na linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfutia leseni anayepatikana na kosa. Kama aliyewajibu kwa simu alikuwa muuguzi, mwenendo wake unashughulikiwa na Baraza la Wauguzi, na maafisa wa kliniki nao wana baraza lao. Faida kubwa ni kwamba hospitali italazimika kujibu kwa maandishi, na majibu hayo yatawasaidia. Hatari yake ni kwamba shauri la Baraza halisimamishi saa ya mahakamani, na familia nyingi hukaa zikisubiri uamuzi mpaka muda wa kesi unapita.

Mahakamani mzazi anafungua kesi kwa jina la mtoto. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20 za Kenya. Kwa mtoto atakayehitaji matunzo maisha yake yote huenda wakili akaona ni afadhali kwenda Mahakama Kuu. Fidia ya maumivu hukadiriwa na mahakama, lakini fedha mlizokwisha kutumia lazima zitajwe katika hati ya madai na zithibitishwe moja baada ya nyingine. Wekeni risiti za mazoezi ya viungo, za vipimo vya masikio na za dawa, na pakueni taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote. Gharama za baadaye nazo zitajwe mapema, kwa ripoti ya daktari.

Kutoka: Mwanachama muuguzi, Kasarani

Poleni sana, mama. Niongeze upande wa ushahidi, maana nimefanya kazi kwenye wodi ya watoto wachanga na ninajua hospitali zitakavyojitetea.

Watoto wengi hupata manjano na hupona bila madhara, kwa hiyo kesi haiwezi kusimama kwa kusema tu kwamba mtoto alikuwa na manjano. Inasimama juu ya saa. Kiwango cha bilirubini, yaani kemikali ya kwenye damu inayoleta manjano, cha kumweka mtoto chini ya taa, au cha kumbadilishia damu, hutegemea umri wake kwa saa na kama alizaliwa njiti, na Wizara ya Afya ya Kenya imechapisha majedwali yake katika mwongozo wa matibabu ya watoto unaotumika hadi hospitali za kaunti. Mkipata faili, chukueni karatasi tupu mwandike: damu ilitolewa saa ngapi, majibu yalitoka saa ngapi, nani aliyaona, taa iliwashwa saa ngapi. Pengo kati ya majibu na taa ndilo atakaloulizwa daktari. Angalieni pia vipimo: maabara za hapa huandika bilirubini kwa mikromoli kwa lita, wakati kurasa za Marekani hutumia miligramu kwa desilita, na 20 yao ni takriban 342 yetu.

Kuhusu hospitali ya kwanza, manjano ya mtoto aliyetimiza miezi kwa kawaida hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, yaani wakati mama ameshafika nyumbani. Swali ni kama walipima kundi lako la damu na la mtoto, kama walikupangia siku ya kurudi, na karatasi ya ruhusa inasemaje. Jua la asubuhi si tiba ya kiwango cha hatari, na kwa ngozi zetu macho na fizi zikionekana za manjano mtoto anapaswa kupimwa damu, si kukadiriwa kwa simu. Ombeni kampuni ya simu orodha ya simu mlizopiga siku hiyo.

Watadai kwamba mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hapo alama za Apgar, yaani za hali ya mtoto, alizopewa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa zina uzito, na pia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo: kernikterasi huacha alama katika sehemu maalumu za ndani ya ubongo, hasa globasi palidasi, na mtaalamu anaweza kuzitofautisha na za kukosa hewa. Upungufu wa kusikia unaoambatana na mtindio wa ubongo wa aina ya kujinyonganyonga huelekeza huko huko.

Kutoka: Mama mwanachama, South B

Ahsanteni sana. Barua zote mbili zimepelekwa leo na zimegongwa mhuri. Nina maswali mawili. Mkataba wa mume wangu unakwisha mwakani na huenda tukarudi Dodoma. Je, kesi itakufa? Na hospitali binafsi imetupigia ikisema iko tayari kutusaidia na gharama tukisaini karatasi kwamba hatuna madai zaidi.

Kutoka: Mwanachama wakili, Upper Hill

Kesi haifi. Nyaraka za mahakama za Nairobi huwasilishwa kwa mtandao tangu 2020, na vikao vingi vya maandalizi hufanyika kwa video, ila siku ya kutoa ushahidi jitayarisheni kusafiri. Jambo la kumuuliza wakili ni dhamana ya gharama: mdai akiwa anaishi nje ya Kenya, mdaiwa anaweza kuiomba mahakama imwamuru aweke fedha kwanza. Kwa hiyo ni vizuri kesi iwe imefunguliwa na hatua za awali zimekwisha mkiwa bado mnaishi hapa. MRI na ripoti ya daktari pia zifanyike kabla ya kuhama.

Karatasi hiyo msiisaini. Waambieni wakutumieni pendekezo lao kwa maandishi, nanyi mlipeleke kwa wakili. Kesi ikishafunguliwa, makubaliano yoyote juu ya haki za mtoto yanahitaji idhini ya mahakama, na jaji huangalia kama kiasi kinachotolewa kinamfaa mtoto. Mazungumzo hayakatazwi, na upatanishi unaosimamiwa na mahakama upo katika mahakama za Milimani hapa Nairobi, lakini yafanyike mkiwa na faili mkononi na hati ya madai dhidi ya hospitali ya umma ikiwa imeshapokelewa.