Mjadala: Kukatazwa kupiga picha Kikanisa cha Sistina ni haki kweli?

Mbuyuni: Wakuu, Makumbusho ya Vatican unapiga picha karibu kote, ila ukikanyaga tu Kikanisa cha Sistina walinzi wanakujia juu: "No foto!" Mtu amelipa tiketi, amepigwa jua kwenye foleni, halafu dari aliyoichora Michelangelo aitazame kwa macho tu? Huu ni uonevu.

Kisiki: Ni hela hiyo. Televisheni ya Japani, Nippon, ilitoa zaidi ya dola milioni nne kusafishia ile michoro, ikapewa haki za picha. Mpaka leo ni mali yao.

Mama Rozi: Mpaka leo wapi? Haki zao zilikwisha miaka mitatu baada ya kila awamu ya usafishaji, na Hukumu ya Mwisho, ule mchoro wa ukuta wa altare, ilimalizika kusafishwa 1994. Piga hesabu. Sasa hivi anayekataza ni Vatican mwenyewe, na anafanya vizuri. Sisi Waafrika tukifika kule sala hatuna habari nayo, selfi tu.

Mbuyuni: "Sisi Waafrika" ndiyo akina nani? Mimi nilipiga magoti mle ndani. Usinisemee.

Kisiki: Dada, hiyo ni kasumba. Mzungu akipiga picha ni mpenda sanaa, Mwafrika akipiga ni mshamba?

Mama Rozi: Nimesema nilichokiona. Pale ndipo makardinali walipomchagua Papa Leo XIV, Mei 2025. Si ukumbi wa harusi.

Frateri wa Roma: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nasoma hapa, huwa nasindikiza wageni kutoka nyumbani. Wanaoficha simu kifuani wakabonyeza ni wa kila taifa. Mama Rozi, kwa hilo hukututendea haki.

Mama Rozi: Frateri, na wewe? Haya. Lakini hoja yangu ya heshima haijajibiwa.

Kisiki: Heshima? Kwetu harusini mpiga picha anapanda mpaka altareni, padri anampisha!

Mama Rozi: Na hilo nalo nalikemea kila Jumamosi, uliza parokiani kwangu.

Fundi Lipu: Mnagombana bure, hakuna aliyegusa ukuta wenyewe. Nimepiga lipu ya chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, hii kazi naijua. Mchoraji anapaka rangi lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na rangi inabaki imeshikwa humo humo. Wanaosema flashi ya kamera inaharibu michoro, flashi haiing'oi rangi hiyo. Adui ni pumzi, jasho na vumbi la watu wanaofika 20,000 kwa siku. Ndiyo maana 2014 walifunga mitambo mipya ya hewa. Mtu akinyang'anywa simu, anaacha kupumua?

Halafu dari iko juu kama mita 20. Michelangelo alikuwa anapiga lipu kipande cha kumtosha siku hiyo tu, na viungo vya lipu ya jana na ya leo vipo. Ukiwa chini huvioni. Kamera ikivuta karibu unaviona, unajua siku yake ya kazi iliishia wapi. Fundi kijana ananyimwa somo hilo.

Mama Rozi: Picha za karibu zipo kwenye tovuti yao. Akazitazame huko.

Mbuyuni: Mama yangu hatapanda ndege maishani. Alitaka kuniona mimi, mwanawe, nimesimama chini ya Uumbaji wa Adamu, ule mchoro wa darini. Tovuti inayo hiyo?

Frateri wa Roma: Padova, hapa hapa Italia, kwenye kikanisa cha Scrovegni alichokichora mchoraji Giotto, wageni wanasubiri kwanza kwenye chumba cha kutulizia hewa, kisha kundi dogo linaingia kwa robo saa hivi. Sistina wangefanya hivyo, hata picha zisingeleta vurugu.

Mama Rozi: Kundi dogo, robo saa. Na wale maelfu waliobaki kwenye foleni, Frateri, utawarudisha makwao bila kuona hata dari?

Mbuyuni: Mama Rozi, kabla hujafika huko, lile neno la "sisi Waafrika" bado hujalifuta.