Velamu haikaushi wino: barua ya bibi inafutika nikiigusa

Binti wa Pili

Habari zenu wadau, naombeni msaada. Natengeneza albamu ya kumbukumbu za bibi, nimpe mama. Ukurasa wa katikati nimeutenga kwa picha moja tu: bibi amekaa mlangoni, miwani mkononi. Juu yake nataka kulaza barua aliyomwandikia mama alipokuwa shule ya bweni. Barua yenyewe sitaki kuibandika. Nimeiskani, naichapa kwenye velamu, ile karatasi ya ukungu inayopitisha mwanga, ili mama akiifunua akutane na uso wa mama yake.

Printa yangu ni ya wino, ya A4, ya kawaida ya nyumbani. Barua ilitoka safi mno, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikaligusa neno "mwanangu" kwa kidole gumba, likaburuzika mpaka ukingoni. Karatasi nzima ilikuwa na unyevu, hata pasipo na maandishi, na imejikunja. Kwenye mipangilio nilichagua karatasi ya picha inayong'aa na ubora wa juu kabisa, maana nilitaka mwandiko wake uonekane ulivyo. Nimebakiwa na velamu nne.

Halafu manila ya gramu 250 ninayotaka iwe kurasa za albamu inakwama, na ikipita inatoka na michirizi myeusi kwenye kona.

Mzee wa Karatasi

Pole sana dada. Hapo uliposema "hata pasipo na maandishi" ndipo ugonjwa ulipo. Pasipo na maandishi palitakiwa pawe pakavu.

Barua ya zamani haiwi nyeupe, imeshaingia umanjano. Skana inauchukua umanjano huo kama sehemu ya picha, na printa haina wino mweupe: penye weupe huacha wazi, penye rangi yoyote, hata iliyofifia, hunyunyiza. Kwa hiyo imeinyunyizia karatasi yako kutoka juu hadi chini. Karatasi ya kawaida ingeunywa wino huo usijue. Velamu hainywi, wino unakaa juu yake kama umande. Tena uliiambia ni karatasi ya picha, ambayo imepakwa tabaka la kunyonya wino mwingi. Printa haioni ulichoweka kwenye trei, inaamini ulichoiambia.

Fungua picha ya barua kwenye kompyuta, pandisha weupe wa usuli mpaka umanjano uishe kabisa. Nenda polepole. Kuza picha uitazame mikia ya herufi, kwa sababu mtu aliyeandika kwa mkono mwepesi mikia yake ndiyo hutangulia kupotea, na mwandiko bila mikia si wake tena. Kisha chagua karatasi ya kawaida, ubora wa rasimu au wa wastani. Jaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe ya kawaida. Baada ya hapo chukua velamu moja tu, chapa mstari mmoja juu, ikikauka uirudishe uchape mwingine chini yake kwa mpangilio tofauti. Karatasi moja inakupa majaribio matano.

Barua ikitoka, ipokee kwa kushika kingo, uilaze bapa. Wino ukiendelea kusumbua, nyunyiza ule unga usio na rangi wa kunyanyulia maandishi wakati wino bado mbichi, kung'uta uliozidi, pasha kwa kipulizia joto hadi uyeyuke. Wino utafungika chini yake. Maandishi yatanyanyuka kidogo, ukipitisha kidole unayahisi. Mimi nayapenda hivyo.

Mkasi Mkali

Kuhusu manila: printa yako inavuta karatasi kutoka trei ya chini, mbele? Kama ndivyo, karatasi inapinduka kuzunguka rola kabla ya kuchapwa, na gramu 250 haitaki kupinduka. Ikiwa ina mlango wa nyuma, pitisha huko, moja moja. Michirizi ni kona zilizonyanyuka kukisugua kichwa cha wino. Zilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja, na kama kuna mpangilio wa karatasi nene, uwashe, unaongeza nafasi chini ya kichwa. Soma pia kitabu cha printa, nyingine gramu 250 haziziwezi kabisa.

Mama Albamu

Mwanangu, mimi nina neno kuhusu barua yenyewe. Usiibandike popote, hapo umefanya vyema. Iweke kwenye mfuko wa plastiki ya polipropilini, usiwe wa plastiki ya PVC. Na picha utakazochapa ziache wazi siku nzima kabla ya kuzifunika kwa plastiki, zisije zikaacha ukungu ndani. Manila nayo iwe isiyo na asidi, la sivyo itaiharibu picha ya bibi polepole huku mnaitazama.

Binti wa Pili

Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Manila imepita kwa nyuma bila mchirizi hata mmoja, na kwenye pakiti imeandikwa haina asidi.

Barua nimeisafisha usuli. Mara ya kwanza nilizidisha weupe, mkia wa "g" ukakatika, nikarudi nyuma kidogo. Majaribio yalikula velamu moja. Ya pili nimechapa kwa karatasi ya kawaida, ubora wa wastani, ikakauka kufikia jioni, na unga sikuuhitaji. Nimelipitisha gumba juu ya "mwanangu" mara mbili. Halijasogea.

Zimebaki mbili. Nyuma ya barua kuna mistari mitatu ambayo bibi aliiongeza kwa penseli, nami naitaka pia. Penseli imefifia karibu sawa na umanjano wa karatasi. Mzee, nikipandisha weupe si itaondoka yote?

Mzee wa Karatasi

Itaondoka. Iskani upya kwa rangi ya kijivu, uweke karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Kisha kabla ya kupandisha weupe, ongeza kwanza weusi: penseli ikolee, ndipo usuli uondoke.